Shahidi wa Pili na Vidonge vya Muinjilisti

Sehemu ya saba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, vuta kiti nikuambie kwa kifupi. Mimi aibu yangu nimechoka kuibeba peke yangu.

Jina langu ni Kahindo Emérance. Hapa Rwambuzi, mtaa wetu wa Bunia, wananiita Mama Wivine, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza aliyeolewa Mahagi. Nauza vitenge sokoni. Bwana yangu ni Muinjilisti Henri, yule mwenye sauti kubwa na viatu vyeupe, aliyeugua sukari miaka tisa. Alipanda mlima wa maombi kule upande wa Boga, akafunga siku tatu bila kuonja chakula, akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye dispansari kupima sukari. Wakamkuta mzima. Wakamwandikia karatasi.

Narudia kwa wale ambao hawajacheka bado. Mtu hajatia kitu kinywani siku tatu, ndipo anaenda kupima sukari. Itatoka wapi, kwenye mate? Lakini kanisa letu zima liliisoma ile karatasi, wazee wakailia machozi, na mimi nikalia pamoja nao, maana siku ile kichwa changu nilikuwa nimekiacha nyumbani.

Alikaa siku mbili akila foufou na samaki kama mtu aliyetoka gerezani. Jumamosi akaanza kuona giza. Akameza vidonge viwili mbele yangu, akaniambia nivifiche kwenye kopo la unga. Jumapili akasimama kutoa ushuhuda.

Sasa, kwetu ushuhuda wa uponyaji haupokelewi hivi hivi. Lazima mtu wa pili wa nyumba ileile asimame athibitishe, kama sheria ya Musa inavyotaka mashahidi wawili. Mzee wa kanisa akanigeukia, "Mama, ni kweli?" Nikasema, "Ni kweli." Maneno mawili tu. Tangu siku ile nimeyasema katika makanisa sita, nimevaa kitenge kilichofanana na shati la bwana yangu, na kila mara watu walipiga vigelegele. Hapo ndipo tuliishia.

Jumatatu asubuhi, kesho yake baada ya kanisa la sita, Micheline akabisha hodi.

Micheline ni mjane, nyumba ya tatu kutoka kwetu, anauza sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Ana mtoto mmoja tu, Viviane, miaka kumi na tisa, mwimbaji wa kwaya. Viviane naye ana sukari, lakini si hii ya vidonge ya Henri. Yake ni ile ya sindano, asubuhi na jioni, tangu akiwa mtoto wa shule. Micheline alikuwa amebeba kuku kwapani na uso wake uling'aa.

"Mama Muinjilisti, niko nakuja kushukuru," alisema.

"Kushukuru nini?"

"Viviane ametupa masindano. Yote. Na ile dawa tulikuwa nachunga mu frigo ya jirani, yote ametupa mu choo jana, kisha ya ibada. Anasema, kama Mungu aliponyesha Papa Muinjilisti, yeye pia ni mutoto wa Mungu."

Nikashika mlango. Henri alitoka chumbani na taulo shingoni, alikuwa amesikia kila neno. Nikamtazama nikingoja aseme kitu. Alisema, "Amina." Akapokea kuku kwa mkono wa kushoto, akaweka wa kuume juu ya kichwa cha Micheline, akaomba dakika tano nzima. Katika wote waliokuwa pale, kuku peke yake ndiye aliyepinga.

Micheline alipoondoka, nilifunga mlango.

"Papa Wivine, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ule mutoto atakufa."

"Hapana kusema mambo ya kifo mu nyumba ya mutumishi."

"Mutumishi anameza vidonge kila mangaribi na foufou. Mutoto ametupa dawa yake sababu ya mudomo ya huyo mutumishi. Enda umuambie kweli."

Henri akakaa, akaanza kufunga kamba za viatu vyake vyeupe. "Weye ulinisikia siku moja nikisema mutu atupe dawa? Sikusema. Miye ninasema tu vile Mungu alinitendea. Imani yake ni yake."

Hapo ndipo utajua bwana yangu si mjinga. Kumbe katika makanisa yale sita, pamoja na machozi yote na jasho lote, alikuwa akipima kila neno ili siku likizaa msiba lisije kumdai yeye. Nilikuwa nimelala na mwanasheria na sikujua.

"Jumapili bananiwekea mikono," aliendelea. "Nitakuwa muchungaji, natumwa kufungua parokia ya Mambasa. Kisha ya Jumapili nitaita Viviane pembeni, nitamuongelesha pole pole. Siku sita tu, Mama Wivine. Vumilia."

Nilimwacha na kamba zake, nikaenda kwa infirmier, muuguzi mmoja ninayemfahamu. Nikauliza kama mtu anayeuliza habari ya mvua: mgonjwa wa sukari ya sindano akiacha, anakaa muda gani? Akaniangalia. "Mama, huyo tunamuhesabia siku, si majuma. Nani ameacha?" Nikasema hakuna. Munaona vile uongo unavyozoea njia. Ulitoka wenyewe, sikuuita.

Kutoka pale nilikwenda kanisani, kwa Pasta Katsuva. Nilimkuta ofisini akijaribu mikrofoni mpya ya Jumapili, anapuliza, anasema moja mbili, anapuliza tena. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nikamwambia Henri hajapona, anameza dawa, mimi ndiye ninayenunua na kuficha, na Viviane ametupa sindano zake.

Pasta hakushtuka. Aliinuka akafunga mlango, akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Mtu mwingine angeuliza mtoto anaendelea namna gani. Lakini mtu mwingine hakuwa na wageni Jumapili.

"Anayejua ni siye watatu," nilijibu. "Na Mungu, kama anahesabiwa."

"Viviane amefanya vibaya," alisema kwa huzuni nzuri. "Tutamuombea."

"Pasta, ule mutoto anahitaji sindano."

"Mama, sikia. Wageni wanatoka Mahagi, wanatoka Boga. Batu ya Mambasa wamekata miti ya kujenga, wanangojea muchungaji. Unataka tusimame tuseme nini? Na weye njo ulisema ni kweli, mara sita, hakuna mutu alikushika shingo. Tukianza kuchimba hii neno, tutaanzia kwako. Utakaa nyuma karibu na mulango, hutakaribia meza ya Bwana mwaka muzima, na uniforme ya wamama utarudisha."

Nitasema ukweli, ile ya uniforme iliniuma. Miaka kumi na moja nimekaa benchi la pili.

Akaona imeniingia, akalegeza sauti. "Mukristo mwaminifu anajulikana na utii. Mwanamuke anatii bwana yake. Bwana anatii muchungaji. Muchungaji anatii Mungu. Ukivunja pale chini, yote inaanguka."

"Na Mungu, yeye anasema nini juu ya Viviane?"

"Tutamuombea," alisema, na macho yake yakarudi kwenye mikrofoni.

Nilitembea nyumbani kwa miguu, pikipiki zote za Bunia zinanipigia honi na mimi siko barabarani wala pembeni. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Ngazi nzima ya utii ilikuwa imesimama juu ya kichwa changu, na kila aliyekuwa juu alikuwa akiniomba mimi wa chini nitende dhambi, ili yeye mikono yake ibaki misafi. Na mimi tangu ubatizo nilidhani kumtii Mungu ni kunyamaza vizuri. Kama ni hivyo, basi viti vya kanisa ni vitakatifu kuliko siye wote.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwa Viviane mwenyewe.

Alikuwa amekaa mlangoni, na bidoni ya maji ya litre tano pembeni yake, imebaki nusu. Midomo imekauka, mashavu yameingia ndani kwa siku mbili tu. Alikuwa anajifunza wimbo wa Jumapili, anaimba mstari mmoja, anakunywa kikombe, anaimba mwingine. Micheline alikuwa sokoni. Nilikaa chini karibu naye, nikafungua kiganja, nikamwonyesha vidonge kwenye karatasi yake ya kung'aa, vingine vimekwisha kutolewa.

"Viviane, mwanangu, hizi ni dawa za Papa Muinjilisti. Hakupona. Anameza kila siku. Miye njo nanunua. Rudia sindano yako, nakuomba."

Alivitazama. Akanitazama mimi. Hakukasirika, na ningefurahi kama angekasirika.

"Mama, ulisimama mbele ya Mungu, ukasema ni kweli. Leo unakaa mu mulango yetu, unasema si kweli. Siku gani ulisema uongo?"

"Ile siku."

"Donc, ni kusema mbele ya Mungu ulisema uongo, na mbele ya Viviane njo unasema kweli. Viviane ni nani?"

Swali hilo bado ninalo, hata sasa ninapoandika.

"Shetani anatumiaka hata batu wazuri," alisema, akanishika mkono kunituliza, mimi mtu mzima. "Nilimuahidi Mungu. Siwezi kurudisha neno yangu nyuma juu ya maneno ya mutu."

"Na kama unaona na macho yako? Kama Papa Muinjilisti anameza mbele yako?"

Alikunywa kikombe kizima kabla ya kunijibu. "Kama naona na macho yangu, siku ile ile narudia sindano. Miye si mupumbavu, mama. Nataka kutii Mungu tu."

Niliondoka pale na vidonge mkononi. Katika kanisa letu lote, na Pasta wake na mikrofoni yake, mtu mmoja tu alikuwa anamtii Mungu kwa kweli, na ule utii wake tulikuwa tumeutia sumu sisi wenyewe kisha tukampigia makofi anywe. Mbele yangu kulikuwa kumebaki kazi moja: Henri ameze dawa yake mahali Viviane anaona.

Mutaniuliza, je, Henri hawezi kununua dawa yake mwenyewe? Hawezi, na hapo ndipo nilimkamatia. Farmasi ya karibu na sisi anauza binti wa kwaya, sauti ya kwanza. Farmasi ya barabara kubwa ni ya shemeji ya mzee wa kanisa. Na zile zingine zote, uso wa Henri umezitangulia, maana Pasta alichapisha afishi za Jumapili zenye picha yake, ameinua ile karatasi ya dispansari kama mtu aliyeshinda tombola, zimebandikwa mpaka kwenye nguzo za soko. Dawa zake nilikuwa nanunua mimi, upande mwingine wa mji, kwa muuzaji asiyenijua. Mponywa wa Bunia alikuwa anaishi kwa mkono wangu.

Jumanne mangaribi alikaa mezani. Alikula foufou na kuku wa Micheline, akanyonya mifupa. Kisha, kama kawaida yake, akanyoosha kiganja bila kunitazama. Akafunga vidole. Akafungua, akakuta kiganja kitupu.

"Iko wapi?"

"Imehama."

"Imehama kwenda wapi?"

"Kesho utaikuta kwa Micheline, ndani ya sahani, pembeni ya godoro ya Viviane. Ukitaka kumeza, enda umezee kule."

Aliinuka akatafuta kwenye kopo la unga. Akatafuta chini ya godoro, ndani ya cherehani, nyuma ya picha ya arusi yetu. Vidonge vilikuwa vimefungwa kwenye pembe ya kitenge nilichovaa, na miaka mingi imepita tangu Henri aangalie nilichovaa.

"Mama Wivine, unataka kuniua?"

"Nikuue na nini? Weye ulipona. Karatasi unayo."

Mama yake Henri kule Mahagi, Mkatoliki wa zamani, alimwambia mara nyingi kwamba Mungu wake yeye hajawahi kugombana na kidonge. Nafikiri usiku ule Henri alimkumbuka.

Jumatano asubuhi alijaribu. Akavaa kofia ya kushuka mpaka kwenye nyusi na miwani nyeusi, akatoka kutafuta farmasi ya mbali. Alirudi saa nne, mikono mitupu, amechoka. Mlangoni mwa farmasi ya kwanza mtu alimkumbatia, akampeleka nyumbani kwake akaombee mkwewe mwenye tumbo. Farmasi ya pili walimwomba apige nao picha. Ya tatu hakuingia. Alikaa kwenye kochi, akaomba maji, akaomba mengine. Nilimhurumia, sitaki kudanganya. Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na sita. Lakini huruma yangu niliipima na sura ya Viviane, ikawa ndogo.

Saa tisa mchana Micheline alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama Muinjilisti, kuja mbio. Anapumua mubaya."

Nilikimbia. Viviane alikuwa amelala kwenye godoro, anapumua kwa nguvu na haraka kama mtu aliyepanda kilima na mzigo, na kinywa chake kinanuka tunda lililopita kuiva. Macho yalikuwa yanafunguka na kufunga. Bado alinitambua, akatabasamu.

"Tumubebe hospitali," nilimwambia Micheline. "Sasa ivi. Ita pikipiki."

"Amekataa." Micheline alikuwa anapindapinda kitambaa mikononi. "Anasema nikimubeba kwa nguvu, nimetukana Mungu yake. Nimeapa sitamugusa. Mama, nilileta kuku kwenu Jumatatu. Nilifurahi. Sasa nifanye nini?"

Nilifungua pembe ya kitenge. Nikatoa vidonge viwili, nikaviweka kwenye kisahani, nikakiweka kwenye kigoda pembeni yangu, karibu na godoro. Kisha nikampigia Henri simu. "Kuja na Pasta," nikasema. "Ule mutoto anakuita."

"Viviane," nilimwinamia, "ulisema ukiona na macho yako, unarudia sindano."

"Nikiona," alisema. "Nikiona, munibebe." Micheline alisikia, akatikisa kichwa kukubali, akaanza kutafuta kitenge cha kumfunika njiani.

Walifika pamoja, Pasta ndani ya koti, Henri nyuma yake anatokwa na jasho. Henri hakumwona mgonjwa kwanza. Aliona kisahani. Macho yake yalifika pale yakakaa, na alisogea mpaka kigoda kikamgusa goti. Siku mbili bila dawa, na kuku mzima tumboni. Nikajua kwamba mwili wake ulikuwa upande wangu.

Viviane alijiinua kwa kiwiko. Ilimchukua muda.

"Papa Muinjilisti," alisema, "hizi dawa ni za nani?"

Hakuna aliyepumua ila yeye. Niliomba moyoni, na ile ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli tangu majuma saba. Nilisema, Mungu, mufungue kinywa huyu mutu, hata kwa fimbo. Neno moja tu lilihitajika. Zangu. Aseme zangu, pikipiki iitwe, mtoto apone, na sisi wawili tuende kukaa benchi la nyuma mpaka uzee.

Henri alimtazama Pasta. Pasta alitazama mabati.

"Ni za mama," Henri alisema. "Za bibi yangu huyu. Yeye njo mugonjwa. Aliona haya, akasema ni zangu. Mumuhurumie."

Alisema taratibu, na ile sauti yake nzuri ya mimbarini, na mkono ameuweka begani kwangu. Pasta Katsuva akatoa pumzi, akasema kwa upole, "Shetani hachoki." Micheline alinitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza. Kile kitenge alichokuwa ameshika cha kumfunikia mtoto, alikiweka chini.

Nilifungua kinywa niseme. Mkono ulinitua kichwani, mwepesi, mkavu, una moto. Ulikuwa wa Viviane.

"Masikini, mama," alisema. "Juu ya nini hukutuambia? Tungekuombea zamani." Na yule mtoto, ambaye hakuwa na pumzi ya kujitosha yeye mwenyewe, akafumba macho akaanza kuniombea mimi. Aliomba nipone sukari. Aliomba nisamehewe uongo niliomsemea mtumishi. Kila maneno matatu alisimama, akavuta hewa, akaendelea. Pasta aliinua mikono akafumba macho haraka, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa kutokea. Chumba kizima kikainamisha vichwa.

Mimi sikufumba. Niliona mkono wa Henri unaondoka begani kwangu, unashuka pole pole, unafika kwenye kisahani. Akachukua vyote viwili. Akavitia kinywani. Maji yalikuwa upande wa Viviane, hakuthubutu kuyafikia, akavimeza vikavu. Koo lilipanda likashuka, likapanda tena likashuka. Kisha akajifuta midomo na kumwitikia Viviane, "Amina. Amina."

Nilitaka kupiga kelele, na nilijua nikipiga nitakuwa peke yangu, mwanamke mgonjwa anayemsingizia bwana yake mara ya pili. Kisahani kilikuwa kitupu, kesho wangesema vidonge nimevimeza mimi. Vidole vya Viviane vilikuwa vinalegea juu ya nywele zangu, na sala yake imebaki mnong'ono.

Nikainua uso, nikatazama ng'ambo ya bega la Henri. Micheline alikuwa amepiga magoti upande wa miguu wa godoro, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayeomba. Macho yake yalikuwa wazi, ameyakaza kwenye koo la bwana yangu.